Maharagwe Sitini na Manne ya Dona Efigênia

9 Septemba

Vumbi. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Leo nimefungua daftari hili kwa sababu nimegombana na watu wawili kabla ya chakula cha mchana, na mume wa kumsimulia sina.

Wa kwanza ni bibi mmoja wa kijiji cha Córrego da Onça, anaitwa Efigênia, Dona Efigênia kwa heshima. Miaka sabini na minne, kiuno kibovu, mdomo mzima. Aliingia maabara yetu ya mbegu amekumbatia chupa ya plastiki ya soda, akaifungua, akamwaga maharagwe mezani kwangu juu ya ripoti nilizokuwa naandika. Mengi yalikuwa yametobolewa na fukusi. Tuliyachambua pamoja tukabaki na sitini na manne mazima, ya manjano, yenye mstari wa zambarau kuzunguka jicho. Mimi nimekaa na mbegu miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuyaona ya namna hiyo.

"Haya ni Marianinha," akasema. "Mama yangu aliyapata kwa mama yake. Mwaka juzi mvua ya mawe ilinimalizia shamba, mwaka jana nikavunjika kiuno, sikupanda. Haya ndiyo yaliyobaki duniani kote. Nataka uniambie kama yako hai."

Nikamweleza. Nachukua kumi, nayapasua, nayaloweka kwenye dawa. Lililo hai linageuka jekundu, lililokufa linabaki jeupe.

"Yakishakuwa mekundu yanapandika?"

"Hapana, mama. Yameshapasuliwa."

"Kwa hiyo unanichinjia kumi ili uniambie hali ya wenzao."

"Ndivyo kazi ilivyo."

"Hata ng'ombe mgonjwa hapimwi hivyo, mwanangu."

Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, ndipo huyo wa pili akachomoza kichwa nyuma ya kizigeu. Everaldo, mwanafizikia, ametoka Ceará kule kwenye ukame, ana miezi mitano hapa na tumempa kona ya maabara yetu kwa sababu idara yake haina nafasi. Hanywi kahawa. Hapa Minas, nchi ya kahawa, mtu asiyeinywa hatuna uhakika naye.

"Samahani, Dona Efigênia," akasema. "Mimi nina taa. Haichinji mtu."

Bibi akamgeukia yeye, mimi akanipa mgongo. Chupa akamwachia yeye. Mimi nikaachiwa maganda ya kufagia.

10 Septemba

Nimemwambia Everaldo asiwape wazee matumaini ya bure. Amesema, "Dada Dalva, na wewe usiwape kifo cha bure." Sijamsemesha tena mpaka jioni.

14 Septemba

Leo amenionyesha hiyo taa. Nilikwenda kumcheka, nikakaa saa mbili.

Ana meza nzito ya zege aliyoilaza juu ya mipira ya ndani ya matairi, ili isitikisike. Madirisha ameyafunika kwa mablanketi meusi. Mwale mwembamba mwekundu unaimulika mbegu iliyolainishwa kwenye karatasi yenye unyevu, na juu ya mbegu zinatokea chembe za mwanga na giza, kama unga uliomwagika kwenye kitambaa cheusi. Kama ndani kuna kitu kinachohangaika, zile chembe zinachemka. Kama hakuna, zinatulia. Kamera inapiga picha nyingi mfululizo, na kompyuta inahesabu zilivyobadilika.

Aliniwekea haragwe bichi zima la dukani. Lilichemka. Mungu wangu, lilichemka! Nimezipasua mbegu maelfu kwa maelfu na leo ndiyo mara ya kwanza kuiona moja ikiwa katika shughuli zake.

"Sasa nahitaji maiti," akasema, akatazama huku na huku, kisha akafungua kontena langu la chakula akachomoa haragwe moja kwenye mchuzi. Akalipangusa kwa shati lake. Nalo lilichemka kidogo.

"Mbona linachemka na limepikwa tangu jana?" nikamwuliza.

"Ni maji yanatoka. Ngoja."

Tukangoja. Likatulia. Lori la maziwa likapita barabarani, kioo kizima cha kompyuta kikaruka, bichi na lililopikwa vilevile, na Everaldo akalitukana lori kwa matusi ya kwao. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Haragwe langu hakulirudisha.

17 Septemba

Vumbi. Dona Efigênia amepiga simu kuuliza wagonjwa wake wameamkaje.

22 Septemba

Tumeyapima yote sitini na manne. Kazi ya siku mbili, kwa zamu, tumekatazana hata kutembea chumbani. Feni imezimwa, joto la kuoka mikate. Mimi nabadilisha mbegu, yeye anapiga picha, mimi naandika namba, kisha kila moja inarudi kukauka.

Ishirini na tatu yanachemka kama chungu! Matano au sita yanacheza kidogo tu, tumeyaandika chini kabisa ya orodha. Mengine kimya.

Ishirini na tatu! Nilikuwa nimejiandaa kumwambia bibi wa watu sifuri. Nimempigia mimi mwenyewe, sikumwachia Everaldo. Upande wa pili nikasikia anapenga kamasi.

"Sasa nipe nikapande," akasema.

"Mvua iko wapi, mama?"

"Itakuja. Kwani iliwahi kuhama?"

Nikamwomba nane tu, yale yanayochemka kupita yote, tuyaoteshe kwenye trei ya mchanga hapa, tuhakikishe taa haisemi uongo. Akasita. Akasema, "Nane, sawa. Lakini usiyapasue." Nikaapa.

2 Oktoba

Nimepanda yale manane. Mchanga nimeuosha na kuuchoma mwenyewe, maji nimeyapima. Everaldo amechora uso unaocheka kwenye kibandiko cha trei. Mtu mzima.

7 Oktoba

Bado. Mawingu jana, leo hakuna hata hayo.

9 Oktoba

Bado. Haragwe jipya huwa limeshainua kichwa siku ya saba. Haya ni makongwe, yanahitaji muda. Nimemwambia Everaldo hivyo mara tatu, na kila mara nilikuwa najiambia mwenyewe.

10 Oktoba

Bado.

11 Oktoba

Bado.

13 Oktoba

Nimefukua.

Yote manane yameoza. La kwanza liliposhikwa likapasuka kwenye vidole vyangu kama tunda bovu. Na juu yake manyoya ya kijivu, laini. Kuvu.

Nilikaa chini sakafuni, mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye koti jeupe. Kwa sababu nilielewa palepale. Kilichokuwa kinachemka kwenye kioo si maharagwe. Ni kuvu. Kuvu nalo ni kiumbe, kinakula, kinasogea, kinapumua, na taa haijui jina la mtu. Taa inajua tu kwamba hapa kuna kinachosogea. Tulichagua manane yaliyochemka kuliko yote, maana yake tulichagua yaliyoliwa kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikipigia makofi.

Everaldo hana kosa, yeye ni mtu wa mwanga. Mimi ndiye mtu wa mbegu. Siku ile ya kwanza bibi alipofungua chupa nilisikia harufu, ile ya ghala lenye unyevu, nikajiambia ni vumbi la fukusi. Siku ya haragwe lililopikwa niliona kwa macho yangu kwamba si kila kinachotikisika ni uhai. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wanuse kwanza. Lakini nilitaka yawe hai. Sikuwahi kutaka mbegu yoyote iwe hai, kazi yangu haikunidai hilo, na mara ya kwanza nilipotaka nikapofuka.

Everaldo alikuja akanikuta hapo chini. Akaangalia trei. Hakusema "lakini". Alichukua daftari lake la vipimo akaandika, kwa wino, mbele yangu: *Manane yamepotea. Kosa letu: tulidhani kila kinachochemka ni mbegu.* Halafu akaniambia nichukue koti langu, tunakwenda Córrego da Onça, jambo kama hili halisemwi kwa simu.

Njia nzima sikujua nitaanzaje. Dona Efigênia alikuwa jikoni, moto wa kuni unawaka, mkate wa mahindi mezani, furaha tele kwamba ameletewa wageni. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, maana nikikaa nisingeweza.

Alikaa yeye.

"Yote manane?"

"Yote, mama. Yalikuwa na kuvu. Unyevu uliingia kwenye chupa. Uliiweka wapi?"

"Pakavu! Kabatini, miaka yote hapohapo. Mimi sijui kutunza mbegu?"

"Hukuifungua kabisa?"

"Sikui..." Mkono ukaenda kifuani. "Mei," akasema polepole. "Sikukuu ya Mtakatifu Isidoro. Watu wote tulipeleka mbegu kanisani kubarikiwa. Wenzangu walipeleka konzi moja kwenye sahani. Mimi nikapeleka chupa nzima, nikasema mwaka huu nataka baraka ya wote. Padre akanyunyiza. Nikamwambia, baba, ongeza, nina mwaka mbaya. Akaongeza. Nikafunga kifuniko palepale, nikakizungushia nta ya mshumaa."

"Kwa nini nta?" Everaldo akauliza.

"Ili baraka isitoke."

Sufuria tu ilikuwa inatokota.

"Basi nimewaua kwa maji ya baraka," akasema, na machozi yakamtoka bila sauti. "Na ni haki yangu. Majirani waliniomba hii mbegu miaka na miaka. Nikawaambia mwakani. Kila mwaka mwakani. Nilipenda niwe mimi tu mwenye nayo, waje kwangu waseme, Efigênia, yako ni matamu. Sasa niko peke yangu kweli."

Everaldo ndiye aliyechutama mbele ya kiti chake.

"Bibi, baraka haikuua mtu. Kifuniko ndicho kilichoua. Na yamebaki hamsini na sita."

"Daktari, unanibembeleza."

"Nakubembeleza, ndiyo. Lakini yamebaki hamsini na sita."

Akapangusa uso kwa aproni, akainuka, akamwaga kahawa vikombe vitatu. Everaldo akakinywa chake chote, kichungu, akakaza uso. Nimeanza kumpenda huyu mtu, Mungu anisamehe nilivyomsema.

14 Oktoba

Sikulala vizuri. Wenzangu wa maabara wanasema niachane na michezo ya taa nirudi kwenye kisu changu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini kisu kinataka damu, na hamsini na sita si mengi.

16 Oktoba

Nimepata wazo nikiwa naosha vyombo.

Kuvu hukaa popote juu ya ganda, kwa mabaka. Uhai wa haragwe hauko popote. Kwanza kabisa uko kwenye kiini, pale kando ya jicho ambapo mzizi hutokea. Sisi tulikuwa tukipima mchemko wa mbegu nzima tukaujumlisha, namba moja kwa kila mbegu. Ni sawa na kusikia kelele nyumbani kwa mtu ukasema mwenye nyumba yumo, kumbe ni panya.

Nimemweleza Everaldo. Akabaki mdomo wazi. "Ramani," akasema. "Unataka ramani." Akaingia kwenye kompyuta yake, hata kwaheri hakusema.

Mimi nimeyaosha yote kwa dawa ya kung'arishia nguo, kidogo sana, dakika mbili, nikayasuuza mara tatu, nikayakausha kivulini. Nilikuwa nayashika mojamoja kama mtu anayeogesha mtoto wa mwenzake.

19 Oktoba

MVUA. Saa tisa alasiri, matone makubwa, harufu ya vumbi ikapanda mpaka ghorofani. Wote tulitoka uani. Everaldo alisimama katikati na nguo zake zote, mikono kaining'iniza, uso juu. Nikamwuliza kama ana wazimu.

"Kwetu mtu hakimbii mvua, Dada Dalva," akasema. "Unaipokea kama mgeni." Alikuwa analia, au ni maji. Sikumwuliza.

21 Oktoba

Mvua. Ramani bado. Dona Efigênia anasema majirani wameanza kupanda.

24 Oktoba

Mvua. Everaldo amekosea kitu, ameanza upya.

27 Oktoba

Ramani imekamilika. Sasa kila haragwe linaonekana kwenye kioo kama kisiwa: bluu pasipo na kitu, manjano pakianza kuchangamka, nyekundu panapochemka.

Yale yaliyokuwa yakichemka sana, baada ya kuoshwa, karibu yote ni bluu tupu. Debe tupu ndilo livumalo. Machache bado yana mabaka hapa na pale, kuvu limeshaingia ndani, hayo basi.

Na kisha matano. Namba 11, 27, 38, 40 na 59. Bluu, bluu, na kando ya jicho, mahali palepale kwa kila moja, kitone cha manjano kisichozidi kichwa cha pini. Hakipigi kelele. Tulipima asubuhi, tukapima mchana, tukapima jioni lori lilipokuwa limeshapita. Kipo palepale.

Kisha nikafunua orodha ya Septemba. Yote matano yalikuwa chini kabisa, miongoni mwa yale yanayocheza kidogo. Kama tungemsikiliza bibi tukampa yale ishirini na matatu apande, haya tungeyatupa.

29 Oktoba

Dona Efigênia amekuja mwenyewe, mwavuli mkononi, matope hadi magotini. Tulikuwa tumeshapanga: matano hayo tutayaotesha kwenye vyungu hapa, ndani ya nyumba ya kioo, joto limepimwa, njiwa hawaingii.

"Hapana," akasema.

"Mama, huko shambani kuna mvua, wadudu, ndege. Ni matano tu."

"Nayajua ni matano."

"Hapa naweza kuyalinda."

"Manane mliyalinda."

Everaldo akaanza kukohoa. Mimi uso ulinichoma. Lakini Dona Efigênia hakusema kwa ubaya, akanishika mkono, mkono wake umekauka kama gome.

"Sikulaumu, Dalva. Hayo mambo ya ndani wewe unayajua. Mimi najua ya nje. Hii mbegu haijawahi kula kwenye chungu. Inaujua udongo mmoja tu, ule mwekundu wa mteremkoni kwangu. Ikifa, ifie nyumbani. Tena njoo upande na mimi, maana kiuno hakiinami."

Nimekubali. Naogopa.

2 Novemba

Siku ya Marehemu, hakuna anayegusa udongo leo. Nimepeleka maua kaburini kwa mama yangu. Mvua.

4 Novemba

Tumepanda. Dona Efigênia juu ya kigoda, fimbo ikielekeza: hapa, hapana, hapo pana maji, hapa. Mimi nimepiga magoti matopeni. Everaldo akachimba shimo refu la kutosha kumzika paka, akafukuzwa. Matano, hatua moja kati ya moja na jingine. Hamsini na moja yaliyobaki bibi ameyarudisha kwenye sahani jikoni. Sikumwuliza atayafanya nini.

9 Novemba

Bado.

11 Novemba

Bado. Nimegundua nimeanza kulichukia neno hili.

12 Novemba

Simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilidhani kuna msiba.

"Limeinua shingo!" Ilikuwa sauti ya Dona Efigênia, kama ya msichana. "La pili kutoka juu! Limejikunja na udongo kichwani, linanisukuma nione!"

Nimemwamsha Everaldo kwa simu. Nimewaamsha na majirani bila kukusudia, nilikuwa napiga kelele.

15 Novemba

Manne! La tano halikutokea. Everaldo anasema manne kati ya matano ni kipimo kizuri. Nikamwambia si kipimo, ni manne.

16 Novemba

Njiwa amekata moja. Matatu.

Dona Efigênia ameyafunika kwa chandarua chake cha kulalia. Anasema mbu wamle yeye.

30 Novemba

Mvua kila siku. Yamefikia goti.

18 Desemba

Mvua siku ya kumi na moja mfululizo. Mto umekula barabara, daraja la Córrego da Onça limefunikwa, simu ya bibi haiiti. Kwenye redio wanasema mteremko umeporomoka sehemu fulani za huko. Wanasema "sehemu fulani", kana kwamba watu wanaishi sehemu fulani.

Maharagwe sitaki hata kuyawaza. Namwaza yeye na kiuno chake.

Everaldo alikuwa asafiri leo kwenda kwa mama yake kwa Krismasi. Amebaki. Amesema tiketi inabadilishwa. Tumekaa maabara tukifanya kazi zisizo na haraka, na saa tisa amejimiminia kahawa mwenyewe bila kuulizwa.

21 Desemba

Maji yamepungua, tumevuka kwa trekta la maziwa, lile lori tulilolitukana limekwama hukohuko. Mteremko ulioporomoka ni wa jirani. Kwa Dona Efigênia kumepasuka tu, ufa upana wa mkono, unapita katikati ya shamba.

Yeye mzima, anakaanga vitumbua. Hakutukaribisha hata kukaa.

"Nendeni mkaone."

Moja lilikuwa limeanguka ndani ya ufa, mizizi juu. Mawili yamesimama. Na hayo mawili, jamani, yalikuwa na maua: meupe, na zambarau kidogo ukingoni. Nililia waziwazi. Everaldo alikuwa na kamera yake na hakupiga picha hata moja.

11 Januari

Sasa jua. Siku ya tisa bila tone, katikati ya msimu wa mvua! Dona Efigênia hawezi kubeba ndoo. Nimechukua likizo yangu ya mwaka. Wengine huenda pwani.

14 Januari

Nimebeba maji. Bibi anasema namwagilia kama mtu wa mjini, najaza kikombe halafu nasikitika. Maganda yameanza kutunga.

17 Januari

Nimebeba maji. Jirani mmoja, mke wa huyo mwenye mteremko ulioporomoka, amekuja na ndoo zake mbili bila kuitwa. Dona Efigênia alimtazama muda mrefu. Halafu akamwambia, "Mwaka huu, Nazaré, sio mwakani. Mwaka huu." Yule mama akacheka akasema amelisikia neno hilo tangu hajaolewa. "Safari hii nimeapa," bibi akasema, na hakucheka.

20 Januari

Imenyesha usiku. Nimerudi mjini, mgongo sina.

2 Februari

Bibi na Nazaré wameng'oa mashina mawili jana kabla mawingu hayajarudi. Nimekwenda mbio, nimeyakuta yananing'inia juu ya jiko la kuni.

"Mama! Moto utayaua!"

"Weka mkono hapo ulipo mzizi."

Nikaweka. Vuguvugu tu, kama ubavu wa mbuzi aliyelala.

"Sasa utanifundisha na kukausha?" akasema.

Nimeomba radhi.

9 Februari

Leo Dona Efigênia ameingia maabara, gauni la kanisani, kisahani kimefunikwa kwa leso. Sabini na moja. Kutoka mashina mawili, sabini na moja, ya manjano, makavu, yanalia yakigongana. Nimenusa kwanza. Hayana harufu yoyote.

Alitaka kuona. Mara zote hizo hakuwahi kuiona taa yenyewe. Tukalilainisha moja tangu asubuhi, mchana tukamketisha kwenye giza, Everaldo akawasha. Kioo kikajaa zile chembe, zikaanza kuchemka, na ramani ikafunguka: kando ya jicho, pekundu pa kutosha kufunika kidole.

Alisogeza uso karibu na kioo hata nikafikiri haoni vizuri.

"Nimelala nao chumba kimoja miaka yote hii," akasema, "na sikujua kama wana makelele kiasi hicho."

Halafu akatuamuru tuwashe taa ya kawaida, akaanza kugawa mezani kwangu, palepale alipoyamwaga yale ya kwanza. Ishirini ya Nazaré. Kumi ya Everaldo.

"Nipeleke wapi, bibi? Kwetu hakunyeshi."

"Mpe mama yako. Nayo yazoee ukame."

Kumi na saba yake mwenyewe. Yaliyobaki, ishirini na manne, akayasukuma mbele yangu. Nikamwambia vizuri, nitayaweka kwenye chumba chetu cha baridi, na namba, na tarehe, yatakaa miaka thelathini.

"Sikuyaleta yakalale. Nimekupa wewe, sikuipa nyumba hii. Huna uwanja kwako?"

"Ninao. Nimepanda mboga."

"Ng'oa mboga."

Everaldo akanyanyua mabega, hakuna wa kunitetea. Dona Efigênia akakunja leso yake, akashika fimbo, akasimama. Mlangoni akageuka.

"Sikiliza, Dalva. Wewe ukifa kabla yangu, nitakuja kuchukua yangu. Nikitangulia mimi, na ikawa ni Novemba, usikimbilie kwangu na maua. Panda kwanza, ndipo uje unizike."

Nikamwambia sawa.